Sindano ya Kufumia na Rejeta ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti 1958

…na ndiyo maana nasema sindano haina kosa. Wala mimi sina. Kama kuna mwenye kosa katika jambo hili, ni panzi.

Gari lilirudi jana hapa Elburgon kutoka Molo likiwa limejaa panzi puani. Kule mbele, nyuma ya vyuma vinavyong'aa, ndiko iliko rejeta, lile sanduku la maji ya kupozea injini, lenye vijitundu kama sega la asali. Panzi walikuwa wamekwama humo, miguu nje. Kipkemei wangu alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya chakula. (Wangu! Tumeoana mwezi uliopita na bado neno hilo ni jipya kalamuni.) Nikamtazama anavyopumua. Nikasema moyoni, mume kama huyu hastahili kuendesha mizoga. Nikachukua sindano ya kufumia, ile ya chuma ninayomfumia sweta ya kijani, nikaanza kuwachokoa mmoja mmoja. Huku nikiimba.

Panzi wa mwisho alikuwa ndani zaidi. Nikasukuma.

Tsss.

Maji membamba kama uzi. Yakanigonga kifuani, mahali pa moyo hasa, kana kwamba gari linanishtaki.

Naogopa. Niseme kwa nini, ili siku moja watoto wetu wakisoma haya wasinicheke. Gari si letu. Ni la Kosgei, kaka mkubwa wa Kipkemei, karani wa stesheni kule Nakuru. Huyo hulifuta gari kwa leso yake mwenyewe ya mfukoni. Alituazima kwa ajili ya harusi, nasi tulirudishe Jumamosi hii tukiwa na Mama ndani yake. Na ni Kosgei huyo huyo aliyesimama mbele ya ukoo mzima siku ya mahari, akasema msichana aliyesoma mpaka kidato cha pili mikono yake inajua kalamu tu. Mpe kikombe, atakurudishia kishikio. Watu wakacheka! Kipkemei akainuka, akaapa kwamba hakuna mikono salama kuliko hii katika Bonde la Ufa zima.

Mikono hii.

Lakini hofu kubwa ni Mama. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefunikwa kama dirisha lenye ukungu. Ananitambua kwa harufu ya mafuta ya nywele. Daktari wa macho amefika Nakuru wiki hii, na akiondoka harudi mpaka mwakani. Basi la abiria humtapisha Mama njia nzima. Treni haipandi. Aliwahi kuipanda, ikaondoka akiwa bado anaaga watu, na tangu siku hiyo hawasemezani. Kwa hiyo ni gari hili au giza.

Nimesugua sabuni ya kufulia katika tundu mpaka likajaa. Maji yamekoma! Hakuna atakayejua. Nina akili, kumbe.

Jumanne, 5 Agosti

Sabuni, ikikutana na maji ya moto, hutoa povu. Jambo hili nililijua. Nimefua nguo tangu utotoni. Sijui kwa nini halikunijia jana.

Tulikwenda madukani, mimi na mpenzi wangu, viwiko vyetu madirishani kama watu wa picha. Pale karibu na kiwanda cha mbao povu likaanza. Kwanza kidogo, kama ndevu za mzee. Halafu likapanda juu ya boneti, likafunika kioo. Viputo vikaruka mpaka kwa wapasuaji mbao, nao wakasimamisha misumeno. Mmoja akapaza sauti kuuliza kama gari linanyolewa leo.

Kipkemei aliteremka, akalizunguka gari, akatikisa kichwa. Akasema ajabu, pengine Kosgei huweka sabuni humo ili injini iwe safi. Kosgei ni mtu wa usafi. Nikakubali haraka mno. Nikasema ndiyo, ndiyo, hata mjomba wangu hufanya hivyo. Sina mjomba mwenye gari. Sina mjomba hata mwenye punda.

Nyumbani nikakuta uzi wa maji umerudi, na umenenepa.

Alasiri nikaenda kwa jirani yetu Namalwa. Huyu ni mke wa fundi wa kiwandani, mwimbaji wa kwaya, na mdomo wake hufika kanisani kabla ya miguu yake. Tangu nihamie hapa hajaacha kunitazama jinsi ninavyoanika nguo. Nikamwuliza, kwa sauti ya kutojali, mtu afanye nini sufuria ikitoboka. Sufuria ya rafiki yangu.

Akauliza kubwa kiasi gani. Nikaonyesha kwa mikono. Akauliza sufuria gani hiyo ya kulisha mazishi. Akasema mumewe angeiziba kwa risasi ya kuyeyusha asubuhi moja tu, niilete. "Bibi harusi, leta sufuria yako, usione haya."

Nimpelekee mumewe, ili Jumapili kwaya nzima iniimbe? Hapana! Afadhali nife. Nikasema rafiki yangu anapenda kujifunza kuziba mwenyewe.

Nimerudi na wazo langu. Unga wa mahindi. Ugali ukikauka chini ya sufuria hata kwa patasi hautoki. Nimemimina vikombe viwili katika maji ya rejeta Kipkemei akiwa anaoga. Alikuwa anapiga mluzi wimbo wa harusi yetu. Nilikuwa namimina huku machozi ya mapenzi yakinitoka.

Jumatano, 6 Agosti

Uji.

Sina neno lingine. Kipkemei aliwasha injini ikanguruma papo hapo uani, apime kama iko tayari kwa Jumamosi. Baada ya muda kidogo kifuniko cha rejeta kikaanza kutetemeka. Nikajificha nyuma ya kamba ya nguo. Akainua boneti, na uji ukamrukia kwenye shati lake la Jumapili, mweupe, mzito, unachemka kabisa. Nilidhani nimemuua. Nilikimbia nikilia jina lake. Alikuwa mzima, Mungu ni mwema! Amesimama akitazama kidole chake. Halafu, kwa ujasiri ambao ndio ulionifanya nimpende, akakilamba.

Akasema ni uji. Haujatiwa sukari.

Nikangoja aseme, "Jeruto, ni wewe." Lakini uso wake mzuri ukakunjamana kwa hasira nyingine kabisa. Akasema ni wanafunzi wake wa darasa la sita. Aliwanyima nafasi ya kwenda kuwinda sungura siku ya mtihani, sasa wanalipiza kisasi likizo hii. Ameleta kiti na rungu, ameketi mbele ya gari tangu saa nne. Analinda.

Nimempelekea chai mara nyingi mno. Kila nikifika namwona anavyotikisa rungu kwa uaminifu, mlinzi wangu, akilinda gari dhidi ya kila mtu isipokuwa mwizi anayemletea chai. Nilitaka kupiga magoti na kusema. Kweli nilitaka. Kisha akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akasema mikono hii ndiyo furaha yake. Nawezaje kusema baada ya hapo?

Uji umetoka wote. Uzi wa maji bado upo. Naota vitu vya kutoboka, hata mchana.

Namalwa alipita ukingoni mwa ua akiwa amebeba maji. Akasimama. Akanusa. Akauliza kama rafiki yangu ameshaziba ile sufuria yenye magurudumu.

Alhamisi, 7 Agosti

Namalwa anajua. Naogopa Namalwa kuliko simba.

Lakini hajasema! Amekuja asubuhi kukopa kiberiti, ambacho anacho, na akaniambia kama mtu anayezungumzia hali ya hewa kwamba madereva wa magari ya mbao, maji yakivuja huko msitu wa Mau, hupasua yai moja ndani ya rejeta ikiwa moto. Yai huiva, linakwenda pale penye tundu, linaziba. Halafu akakaa. Akataka niseme asante. Nikasema nitamwambia rafiki yangu. Akasema mwambie pia aache kujifanya daktari wa vyuma, akaondoka na kiberiti changu.

Mayai ninayo. Kuku aliyenipa mama yangu mzazi siku ya kuondoka nyumbani amekuwa akiyalalia jikoni. Kumnyang'anya kuku mayai ya harusi! Alinidonoa hapa na hapa. Nilimwambia ni kwa ajili ya mapenzi. Hakunielewa.

Kipkemei alikwenda kumchukua Mama kwao kwa gari hilo hilo, nami nikaomba kwenda naye. Nilikuwa na mayai mfukoni mwa aproni. Tulipofika na yeye kuingia ndani kumsalimia mama yake, nikafungua kifuniko kwa kitambaa, polepole, nimeshajifunza, nikapasua matatu. Nikasikiliza. Kimya. Nikachungulia chini. Kavu!

Furaha hiyo ilidumu mpaka njia panda ya kurudi. Mayai yale kuku alikuwa ameyalalia siku nyingi kuliko nilivyodhani. Na mengine yalikuwa yameoza, viza kabisa. Hewa ile iliyojaa garini siwezi kuieleza katika kitabu ambamo pia nimeandika mashairi ya mume wangu. Kipkemei alishusha kioo bila kusema. Nami nikashusha. Adabu ilituzuia sote kumtazama Mama. Mama naye alikuwa amekaa wima nyuma, kibuyu chake mapajani. Mwishowe akasema kwa upole kwamba mtu asione haya, chakula cha harusi huchukua muda kutulia. Kipkemei akaona haya mpaka masikioni. Amedhani ni mimi!

Nikakubali lawama. Ndiyo, nilikubali. Nilisema tumbo. Yapo mambo ambayo mwanamke hufanya kwa ajili ya gari.

Na jioni hii yai limeshindwa. Linadondoka vipande vipande, na maji yanatiririka nyuma yake. Kesho Kosgei anakuja kwa treni ili alikague gari na kuliendesha mwenyewe Jumamosi. Kesho! Tumbo sasa linauma kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeokoka. Andika kwa herufi kubwa, moyo wangu: NIMEOKOKA.

Asubuhi Mama alikuwa ameketi jikoni akitengeneza kibuyu cha pili, kwa kupapasa tu. Alikuwa na kaa la moto la mti wa senetwet, analivunjavunja ndani ya kibuyu kwa ule ufito wa mtende, anasugua, anazungusha, mpaka kuta zote za ndani ziwe nyeusi na laini. Ndipo maziwa yaingie na kulala humo mpaka yawe mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilikaa karibu naye kwa sababu pale hofu hupungua. Nikamwuliza kwa nini kaa. Akasema kaa hulinda maziwa, hutia harufu, na zaidi ya hayo, kibuyu kina matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Kaa huingia humo, maziwa yakafuata, mambo yakafungamana. Akasema anacho kibuyu nyumbani kilichovuja kama pua ya mtoto, akakisugua, na sasa kina miaka mingi kuliko Kosgei.

Nilisimama ghafla hata kigoda kikaanguka.

Rejeta ni nini kama si kibuyu cha chuma? Walimu wetu walitufundisha mvuke na chemchemi na mito ya Ulaya. Hakuna aliyetufundisha kibuyu!

Kipkemei alikuwa amekwenda stesheni kumpokea kaka yake. Nikasaga kaa la senetwet mpaka likawa vumbi. Nikalichanganya na maziwa ya asubuhi, yale ya moto. Nikamimina. Nikawasha injini mwenyewe (mara ya kwanza maishani! ilinguruma nami nikanguruma) ili kaa lizunguke, lisugue, liingie. Nikaizima. Nikalala chini ya gari juu ya gunia.

Hakuna tone. Hakuna hata jasho.

Kosgei alifika saa nane. Mtu mnene, koti la reli, saa ya mnyororo. Hakunisalimia kwanza, alilisalimia gari. Alizunguka, akapitisha kidole kwenye boneti, akanusa kidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika fremu. Akaingia, akaendesha mpaka kiwandani na kurudi. Akashuka. Dunia ikasimama.

Akasema linakwenda vizuri kuliko alivyotuachia.

Halafu akanitazama na kusema, "Haya, msichana wa vitabu. Naona hujarudisha kishikio." Akacheka peke yake.

Kipkemei alinibusu shavuni mbele ya kaka yake! Mbele ya mchana! Nimefuma mistari kumi na tano ya sweta kwa furaha. Ni Mama tu aliyeuliza kitu cha ajabu. Alisimama uani, uso juu, akivuta pumzi, akauliza ni nani aliyetengeneza kibuyu huko nje.

Jumamosi, 9 Agosti. Nakuru.

Tulitoka mapema, ukungu ukiwa mashambani. Kosgei usukani, shati jeupe kama barua. Kipkemei mbele naye. Mimi na Mama nyuma, na kati yetu kile kibuyu chake kikubwa kilichojaa mursik iliyoiva. Ni ya Kosgei. Tangu apewe kazi mpya hajaonja mursik ya mama yake, na njia nzima alikuwa akigeuka kukitazama kibuyu kama mchumba. Alisema huko Nakuru watu huuziwa maziwa ambayo hayajawahi kumjua mtu.

Njoro tulipita salama. Nikaanza kupumua. Nikaanza hata kukitazama kisogo cha mume wangu, ambacho ni kizuri.

Ndipo gari likapiga chafya.

Moshi. Si mweupe, mweusi! Kosgei akaegesha, akaruka nje, akafungua boneti kabla sijapata sauti ya kumzuia. Maziwa ya kaa yakaruka juu kama chemchemi, yakamwangukia shati lote na uso wote. Akabaki amesimama katikati ya barabara, macho mawili tu yanaonekana. Nilifikiri, sasa. Sasa ndiyo mwisho. Nitarudishwa kwetu na kuku wangu.

Hakukuwa na mto wala nyumba. Ngano pande zote mpaka mwisho wa macho. Kipkemei akaanza kusema kuhusu wanafunzi wa darasa la sita na jinsi atakavyowaadhibu. Kosgei akasema tungoje lori la mbao litupe maji. Likija. Nikamwona Mama. Alikuwa ameketi vile vile, mikono juu ya kibuyu, na midomo inatetemeka kidogo. Hajalalamika hata siku moja. Asubuhi alikuwa ameniambia kitu anachotaka kuona, akipona, ni kama Kipkemei bado ana lile kovu la utotoni kidevuni au ndevu zimelifunika. Na daktari hapokei wagonjwa wapya baada ya saa sita.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilishuka. Nikachukua sweta ya kijani, sweta ya mapenzi yangu, mkono mmoja tayari umekamilika, nikaikunja mara nne. Nikamwambia Kosgei asogee. Kosgei! Akasogea! Nikangoja mvuke ushuke, nikageuza kifuniko kidogo, nikakiacha kipumue, nikageuza tena. Nikainama, nikapapasa, nikatia kidole penye tundu bila kutafuta. Nikasema tundu liko hapa, dogo, linahitaji maji na kitu kizito cha kuliziba.

Wakanitazama. Kosgei akauliza nimejuaje.

Nikasema, sayansi. Kidato cha pili.

Akasema aa.

Lakini maji hatukuwa nayo. Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari, tulivu kabisa. Mama akasema kibuyu kipo.

Kosgei alielewa polepole. Nilimwona anavyoelewa. Akasema hapana, Mama, labda lori litakuja. Mama akasema, "Kosgei, maziwa ni yako. Na mama ni wako. Chagua mojawapo."

Kosgei aliomba apige funda moja kwanza. Akapiga. Akafumba macho. Akapiga la pili, refu, mpaka Kipkemei akamshika mkono. Halafu yeye mwenyewe, karani wa stesheni, uso mweusi kama chungu, akamimina mursik ya mama yake katika mdomo wa gari lake, glagla, glagla, mpaka tone la mwisho. Alisema ni mvuke uliomtia machozi.

Ikaziba! Yale mabonge mazito na kaa lake la asili yakaingia palipotakiwa. Tulikwenda mwendo wa ng'ombe mgonjwa, harufu ya mursik iliyochemka ikitutangulia. Mwendesha baiskeli akatupita, akageuka kututazama, nusura aingie mtaroni. Mimi sikuona chochote. Nilikuwa nimeshika mkono wa Mama, au yeye wangu, nikiomba kila mti uliopita uwe wa mwisho. Nilimwambia Mungu kwamba akimponya Mama, sitagusa tena kitu chochote chenye tundu.

Mstari wa wagonjwa ulikuwa unafungwa. Nesi akamtazama Kosgei, akadhani ndiye mgonjwa. Lakini wakampokea Mama. Wakampokea! Alipokuwa akiongozwa ndani aliniambia nisilie, machozi yana chumvi na yataharibu sweta. Sweta yenyewe imebaki kitambaa cha jikoni.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameshapasuliwa jicho la kwanza. Yuko kitandani na bandeji, haruhusiwi kutikisa kichwa. Hakuna anayejua kama ataona. Nimekaa nyumbani kwa Kosgei nikisikiliza magari-moshi yakipiga kelele, na kila moja nadhani ni mimi linaloniita.

Kosgei alimwita fundi, ingawa ni siku ya Bwana. Fundi akaifungua rejeta uani, sisi sote tumesimama kama mazishini. Akatoa mabaki ya ugali. Akatoa kitu kilichokuwa yai. Akatoa jibini la aina isiyojulikana, na kaa, na kipande cha sabuni chenye herufi bado zinasomeka. Mwisho, kutoka katika vijitundu vya mbele, akatoa panzi mmoja, mzima, mguu mmoja nje. Akauliza kwa heshima kama hili ni gari au ni hoteli.

Nilishika ukuta.

Kosgei alifikiri sana. Kisha akatoa hukumu. Ni yule Mzungu aliyemuuzia gari! Wazungu hula mayai kila asubuhi, huo ni ushahidi. Kipkemei akasema, na uji? Kosgei akasema hata wao huwa na uji wao. Jambo likaisha. Fundi alisema tundu ni la ajabu, duara, safi, kama limetobolewa na mtu mwenye upendo na kazi yake. Kipkemei akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama, akacheka kidogo, akaurudisha mahali pake. Sijui alicheka nini. Mume wangu hucheka bila sababu, ni mtu wa furaha.

Na Kosgei! Amesema mbele ya mkewe kwamba mwanamke aliyesoma ni mali. Ameniletea redio yake iliyonyamaza niitazame. Nimesema kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Anaona!

Leo wameondoa bandeji. Mama alipepesa, akageuza kichwa polepole, akamtazama Kipkemei, akasema ndevu zimelifunika. Kipkemei akalia kama mtoto, nami nikalia kwa sababu analia, na Kosgei akatoka nje kutazama hali ya hewa.

Halafu Mama akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza! Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Akasema mimi ni mdogo kuliko harufu yangu. Akaomba aone ninachofuma, maana nimeanza sweta mpya. Nikampa. Hakuitazama sweta. Aliishika sindano, akaisogeza karibu na jicho lake jipya, akaizungusha. Ncha imepinda. Ina mkwaruzo wa rangi nyeusi ya gari.

Wakati huo Kipkemei alikuwa amemfuata kaka yake nje, na hakuna aliyekuwa karibu. Alisema taratibu sana kwamba sindano hii imefuma chuma.

Akasema kibuyu cha mtu kikitoboka mkononi mwako, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kukisugua. Kisha akaichomoa sindano kutoka kwenye sweta, akaitia kikapuni mwake, chini kabisa, akafunika kwa leso. Kosgei akaingia. Mama akamwuliza kama amekula.

Nimemwelewa vizuri kabisa. Anasema sindano ile ilikuwa nene mno kwa kazi ile. Mwanamke mwenye busara!

Jumapili, 17 Agosti. Elburgon.

Tumerudi, na kwa gari! Kosgei ametia rejeta mpya, na ametuachia tena mpaka mwisho wa likizo kwa sababu, alisema, liko mikononi mwa mtu wa sayansi. Redio yake haijapona. Nimeshauri aitie joto.

Namalwa alikuja kusalimia, akaliona, akaniuliza kama rafiki yangu amenunua sufuria mpya. Akarudisha kiberiti changu. Tumebaki na vijiti viwili, lakini ni hatua.

Kipkemei amejinyoosha kidogo baada ya chakula. Anapumua vile vile. Nilitoka kulitazama gari. Barabara ya Njoro ilikuwa na panzi wengi sana leo, na rejeta ile mpya, nzuri, inayong'aa, imewashika puani kote, maskini, miguu nje. Hatuwezi kufika kwa Mama, aliyebaki Nakuru akingoja jicho la pili, na gari la namna hiyo, sasa kwa kuwa anaona.

Mama alichukua sindano moja. Lakini sindano za kufumia huuzwa mbili mbili, na hii nyingine sijaigusa bado, ncha yake ni nyembamba kama mpya.

Nimemtumia Mama salamu kwa mtu anayepita huko. Tutamtembelea kabla mwezi huu haujaisha, na gari litakuwa safi.